Tepu, Roboti na Daftari: Nani Anatunza Kumbukumbu za Ziwa?

Utunzaji wa kumbukumbu mara nyingi huachiwa mafundi peke yao ilhali unatuhusu sote.

Nianze na moto uliowaka mbali na hapa Mwanza. Tarehe 26 Septemba 2025, katika mji wa Daejeon, Korea Kusini, betri zilishika moto ndani ya kituo cha taifa cha data. Miongoni mwa mifumo iliyoteketea ulikuwemo mmoja unaoitwa G-Drive, ambamo watumishi wa serikali waliweka nyaraka zao za kazi. Ulikuwa umebeba terabaiti 858. Nje ya jengo lile haikuwepo nakala nyingine. Sababu iliyotolewa ni kwamba data ilikuwa nyingi mno kuwekewa nakala ya akiba.

Tufanye hesabu kidogo. Tepu moja ya sumaku ya kizazi cha LTO-9, iliyoko sokoni tangu 2021, inabeba terabaiti 18 bila data kubanwa. Gawanyeni 858 kwa 18. Jibu ni 47 na ushei, kwa hiyo tepu 48. Kaseti moja ina uzito wa gramu 200 hivi. Zote 48 hazizidi kilo 10. Mtu mmoja angeweza kuzitoa nje ya jengo kwa mkono mmoja. Taifa linalouzia dunia chipu za kompyuta lilipoteza kazi za miaka kwa kukosa mzigo wa kilo 10 uliohifadhiwa mahali pengine.

Tatizo la Daejeon halikuwa teknolojia. Hakuna aliyehakikisha kwamba nakala ya pili ipo, iko wapi, na inasomeka. Hilo ndilo neno langu jioni hii, na yote mtakayosikia yanalizunguka: mashine inaweza kuhamisha tepu, kuipachika, kuisoma na kuirudisha mahali pake bila mkono wa mtu, lakini haiwezi kujua ni tepu ipi ikipotea tutalia. Kujua huko ni kazi ya watu, na hapa kwetu watu hao hatujawaajiri wa kutosha.

Mtauliza, sisi tuna nini cha kutunza? Tuna kingi. Kilomita 20 hivi mashariki mwa jiji hili, katika kata ya Kisesa wilayani Magu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pamoja na washirika wake wamekuwa wakiwafuatilia wakazi kaya kwa kaya tangu 1994: waliozaliwa, waliofariki, waliohamia, waliohama, na mwenendo wa maambukizi ya VVU kutoka awamu hadi awamu. Maeneo ya Afrika yenye mfululizo mrefu kiasi hicho ni ya kuhesabu. Kabla ya hapo, vijijini mkoani Mwanza, ulifanyika utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet Agosti 1995, ukaonyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Madaktari wa dunia nzima waliujadili. Matokeo yake yamo vitabuni, lakini data yenyewe, mstari kwa mstari, inahitaji mahali pa kuishi.

Tuna samaki. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1980, ina kituo chake hapa Mwanza. Pamoja na wenzao wa Uganda na Kenya, chini ya mwavuli wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao Jinja, watafiti huzunguka ziwa wakipiga mwangwi majini ili kukadiria wingi wa sangara na dagaa. Kipimo cha namna hiyo humwaga data kwa saa zote chombo kikiwa ziwani. Tuna rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo mwaka 2019 ilitumika katika mradi wa HIGHWAY kuchunguza dhoruba za usiku zinazoua wavuvi. Rada hutazama anga kila baada ya dakika chache, mchana na usiku, na kila mzunguko ni faili jipya. Tuna picha za wagonjwa katika hospitali zetu, Bugando ikiwa mbele. Na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina kituo chake cha kanda hapa hapa, chenye mafaili ya tangu utawala wa kikoloni.

Haya yote yana sifa moja. Hayawezi kupimwa upya. Huwezi kurudi Kisesa ya 1994 ukawahoji watu wake. Huwezi kuipima tena dhoruba iliyokwisha kupita juu ya Ukerewe. Wenzetu wa timu ya Kiholanzi ya HEST, walioanza kukusanya furu katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, hawakujua kwamba miaka ya 1980 aina nyingi za samaki hao zingetoweka baada ya sangara kuongezeka. Leo samaki wale wako Leiden ndani ya chupa, na watafiti wangali wanawalinganisha na furu wa sasa. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu samaki alipohifadhiwa aliandikiwa alikotoka na lini. Samaki asiye na maandishi angekuwa nyama tu ndani ya spiriti.

Sasa tuitazame tepu yenyewe. Hii niliyoshika ni kaseti ya LTO. Ni karibu mraba, upande wake sentimita 10 na kidogo, unene sentimita 2. Ndani yake kuna gurudumu moja tu, si mawili kama kaseti za muziki tulizozizoea. Gurudumu la pili limo ndani ya draivu. Nikisukuma kilango hiki cha pembeni mnaona kijipini cha chuma kilicholala kwenye vishikizo vyake. Draivu hukamata pini hiyo na kuivuta tepu nje. Kaseti ikianguka sakafuni kwa nje huoni kitu, lakini pini inaweza kuwa imechomoka kwenye vishikizo, na draivu itakayojaribu kuivuta inaweza kuharibika pamoja nayo. Ndiyo maana kwangu kaseti iliyoanguka hairudi rafuni kimyakimya. Inaandikwa, inakaguliwa, na ikiwa ina data, data hiyo inanakiliwa kwanza kabla ya jambo lingine lolote.

Tepu iliyomo ina upana wa milimita 12.65, urefu wa mita 1,035, na unene wa mikroni 5 na kidogo. Juu ya upana huo mdogo zimepangwa njia 8,960 za data. Kichwa cha draivu huandika njia 32 kwa mpigo, kwa hiyo ili kuijaza tepu hulazimika kuipitia kutoka mwanzo hadi mwisho mara 280. Zidisheni: ni karibu kilomita 290 za tepu zinazopita mbele ya kichwa kile, zaidi ya safari ya basi kutoka hapa hadi Musoma. Chembe ya vumbi ambayo jicho halioni ni jabali kwenye njia hiyo.

Maktaba inayojiendesha ni kabati, au safu ya makabati, yenye vyumba vidogo vya kaseti, draivu kadhaa, mkono wa roboti na kidirisha cha kuingizia na kutolea kaseti. Wazo si la jana. IBM ilitangaza mfumo wake wa 3850 mwaka 1974, wenye vyumba vilivyopangwa kama sega la nyuki, na mwaka 1987 StorageTek ikatoa jumba lake la duara lililobeba kaseti takriban 6,000. Leo kuna maktaba ndogo za kaseti 24 zinazoingia kwenye raki ya kawaida ya seva, na hizo ndizo zinazotufaa sisi.

Roboti huijuaje kaseti iliyomo? Kila kaseti ina lebo ya msimbopau yenye herufi na tarakimu sita za utambulisho, kisha mbili za kuonyesha kizazi chake, tuseme MZA014L9. Mashine inapowashwa, au mlango wake unapofungwa baada ya kufunguliwa, mkono hupita mbele ya kila chumba ukisoma lebo. Ukimaliza unajua MZA014L9 iko chumba cha 7. Hapo ujuzi wake unaishia. Kilichomo ndani ya MZA014L9 kinajulikana na programu ya kutunza nakala, katika hifadhidata yake. Kwa hiyo kuna madaftari mawili, la mahali na la yaliyomo, na ajali nyingi nilizoziona katika kazi hii zilianzia pale madaftari hayo yalipopishana. Fundi anafungua mlango, anahamisha kaseti tatu kwa mkono kwa sababu ana haraka, anafunga. Roboti inahesabu upya na inaelewa. Programu haijaambiwa. Usiku inaagiza tepu kutoka chumba cha 7 na kupewa nyingine.

Wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba hawaruhusu gunia liingie ghalani bila alama ya mwenyewe, kwa kuwa magunia yote yanafanana na usiku wa kupakia hakuna atakayefungua kuona. Tepu nazo zinafanana hivyo hivyo. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja nikakuta sanduku la kaseti zilizoandikwa kwa kalamu ya wino, tatu kati yake zikiwa na maneno yale yale, "Bakapu Ijumaa". Ijumaa ipi? Ya mwaka gani? Ya mfumo upi? Aliyeandika alikuwa amehamishwa mkoa.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye moyo wa utunzaji. Kila tepu katika maktaba ina hali, na mtunzaji asiyeijua hali hiyo hana anachotunza. Ipo tepu tupu, inayosubiri kuandikwa. Ipo inayoandikwa sasa, haijajaa. Ipo iliyojaa na ambayo data yake bado inahitajika. Ipo iliyojaa lakini muda wa kutunza data yake umekwisha, kwa hiyo inaweza kurudi kwenye kundi la tepu tupu. Ipo inayoonyesha makosa ya kusoma na inapaswa kustaafishwa. Ipo ya kusafishia kichwa, ambayo hutumika mara 50 tu kisha hutupwa. Na mtu asiyejua huiacha iendelee kupita ikiwa imechakaa, au huitumia kusafisha draivu kila siku kwa kudhani anaitendea wema, wakati kusafisha kunakwangua kichwa na draivu yenyewe husema inapohitaji. Ipo iliyotolewa nje ya jengo. Na ipo hali inayonipa hofu kuliko zote: tepu isiyojulikana, ambayo roboti inaiona lakini programu haina habari nayo.

Ile tepu isiyojulikana inaweza kuwa mpya kabisa. Inaweza pia kuwa nakala pekee ya kitu kikubwa, iliyopoteza daftari lake wakati seva ya programu ilipobadilishwa. Programu nyingi, zikipewa ruhusa, huigeuza tepu isiyojulikana kuwa tupu na kuandika juu yake. Ruhusa hiyo ni kisanduku kimoja cha kuweka alama kwenye skrini. Mimi siiweki, na sitaki mtu yeyote aliye chini yangu aiweke.

Marekani wanajua gharama ya kuandika juu ya tepu isiyojulikana. Chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini Julai 1969, ishara zake zilirekodiwa kwenye tepu kubwa za sumaku, zenye picha bora kuliko zile watu walizoziona kwenye televisheni. Miaka mingi baadaye wahandisi walipozitafuta hawakuzipata. Mwaka 2009 NASA ilitoa hitimisho lake: karibu ni hakika kwamba tepu zile zilifutwa na kutumiwa tena, katika miaka ambayo shirika lilikuwa na uhaba wa tepu. Hakukuwa na mhalifu wala moto. Kulikuwa na upungufu wa tepu tupu, na daftari lisilosema kwamba zile hazikuwa tupu. Na sisi, ambao bajeti zetu ni finyu kuliko za NASA, tunaishi na uhaba huo kila mwaka wa fedha. Mtunzaji anaamka asubuhi, roboti inamlilia tepu tupu, zabuni ya kununua nyingine iko mezani tangu robo iliyopita. Atafanya nini? Kama muda wa kutunza haukuandikwa kwa kila tepu siku ilipojazwa, atachagua kwa kukisia.

Njia ya halali ya kupata nafasi ipo. Data ya kwenye tepu haifutwi kipande kipande. Faili la katikati likiisha muda wake, nafasi yake inabaki kama shimo. Baada ya miezi unaweza kuwa na tepu 10 zilizojaa kwa jina, kila moja ikiwa na robo tu ya data iliyo hai. Programu husoma hiyo robo kutoka kila tepu na kuiandika pamoja kwenye tepu tatu, kisha 10 zote zinarudi kuwa tupu. Mmepata saba bila kununua hata moja. Lakini kazi hiyo inahitaji draivu mbili na muda, na inahitaji daftari liwe kweli.

Sasa tuje kwenye mwambao wetu. Watengenezaji wanataka tepu za kutunzwa muda mrefu zikae kwenye nyuzijoto 16 hadi 25, na unyevu wa hewa kati ya asilimia 20 na 50. Hapo ndipo zinapoahidiwa kuishi miaka 30. Joto la Mwanza si adui mkubwa. Unyevu ndio, hasa masika. Hatari zaidi iko kwenye mpito: kaseti iliyotoka chumba chenye ubaridi ikapelekwa nje kwenye hewa nzito ya ziwa hupata umande juu ya uso wake kama haikufungwa vizuri. Ikipachikwa kwenye draivu hapo hapo, tepu nyembamba namna ile inagandamana na kichwa. Kanuni ni kuiacha ipumzike saa 24 katika chumba itakamotumika. Nimesikia watu wakilalamika kwamba saa 24 ni nyingi. Kuikusanya data ya Kisesa kumechukua zaidi ya miaka 30.

Kuna vumbi la ujenzi unaoendelea kila mtaa, na kuna wale wadudu wadogo wa ziwani ambao makundi yao yanaonekana kutoka mbali yakipanda juu ya maji. Wanafuata taa. Dirisha likiachwa wazi usiku mmoja, asubuhi wamejaa sakafuni na kwenye vichujio vya viyoyozi, na mabaki yao makavu ni unga. Chumba cha tepu hakitakiwi kuwa na dirisha. Kama jengo mlilopewa lina dirisha upande wa ziwa, mandhari ni mazuri, mpeni mkurugenzi chumba hicho.

Umeme ukikatika mkono wa roboti ukiwa umeshika kaseti, mara nyingi hakuna madhara. Umeme ukirudi mkono unaikagua hali yake, unairudisha kaseti na kuhesabu vyumba vyote. Madhara yako kwenye draivu iliyokuwa inaandika. Nakala ile haikukamilika. Taa ya kijani inawaka, mlinzi wa zamu anaona kila kitu kimerudi, na asubuhi hakuna anayefungua taarifa ya usiku kuona kazi ipi ilifeli. Ndiyo maana jambo la kwanza kwa mtunza tepu akifika kazini ni kusoma taarifa ya usiku mzima na kuweka saini yake juu yake, kwa karatasi, yenye tarehe.

Nakala ya pili iende wapi? Isiende jengo la jirani. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukoba, watu wakafa na majumba yakaanguka, ng'ambo tu ya ziwa hili. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi kufunika mialo na kuingia majumbani mwa watu walioko ufukweni. Tarehe 20 Septemba mwaka huo huo moto uliteketeza sehemu kubwa ya jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, na nyaraka zilizokuwemo. Nakala ya Mwanza iende Dodoma, na ya Dodoma inaweza kuja Mwanza. Wapo watakaosema itumwe kwa mtandao. Terabaiti 18 kwenye njia ya megabiti 100 kwa sekunde, bila kukatika hata mara moja, zinachukua takriban siku 17. Tepu hiyo hiyo, ikiwa imefungwa kwa siri ya kidijitali na kuwekwa kwenye sanduku lenye kufuli, inafika Dodoma kwa barabara siku hiyo hiyo. Siri hiyo ipo ndani ya draivu tangu kizazi cha LTO-4. Angalieni tu funguo zake zisikae mahali pamoja na tepu, wala zisikae kichwani mwa mtu mmoja. Ufunguo ukipotea, tepu imepotea.

Tepu iliyoko rafuni, nje ya draivu, ina fadhila nyingine. Haina waya. Mhalifu wa mtandaoni anayefunga data za taasisi na kudai fidia hawezi kuigusa kaseti iliyoko kabatini.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya 2002, hairuhusu kumbukumbu za umma kuharibiwa bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, haitaki taarifa za watu zikae kuliko inavyohitajika. Moja inakwambia usiharibu, nyingine inakwambia usikawize. Anayeweza kuzitii zote mbili ni yule ambaye daftari lake linaonyesha kila tepu ina nini na mwisho wake lini. Na siku ya kuharibu ikifika, tepu ya LTO ikipitishwa kwenye sumaku kali haitumiki tena kamwe, kwa sababu alama za kuongoza kichwa zilizowekwa kiwandani hufutika pia.

Liko pia suala la vizazi. LTO-1 ilitoka mwaka 2000 ikibeba gigabaiti 100. Hadi LTO-7, draivu iliweza kusoma vizazi viwili vya nyuma. LTO-8 ikasoma kimoja tu cha nyuma, na LTO-10, iliyotoka 2025, haisomi chochote kilichoitangulia. Kwa hiyo ile ahadi ya miaka 30 ni ya kaseti; haimhusu msomaji wake. Mnaweza kuwa na tepu nzima ya 2005 na msiwe na mashine ya kuisoma. Wakati utafiti wa Kisesa unaanza, chombo cha kawaida cha kubebea data kilikuwa disketi ya megabaiti 1.44. Tangu hapo zimepita sidii, flashi na diski za nje, na kila mpito ulihitaji mtu wa kuhamisha. Taasisi inayonunua maktaba leo lazima iandike kwenye bajeti, siku ile ile, fedha za kuhamisha data baada ya miaka saba au minane. Kama haipo kwenye karatasi haitatokea.

Na kuhamisha pekee hakutoshi; lazima mjaribu kurejesha. Februari 2011 programu yenye hitilafu ilifuta barua za sehemu ndogo ya watumiaji wa Gmail, takriban asilimia 0.02, kutoka kwenye diski zote za Google zilizokuwa na nakala. Zilirudishwa kutoka kwenye tepu. Kampuni yenye diski nyingi kuliko karibu kampuni yoyote ilikuwa bado inatunza tepu, na siku ilipozihitaji zilisomeka. Hapa kwetu nimeuliza taasisi kadhaa mara ya mwisho walipojaribu kurejesha faili kutoka kwenye nakala ni lini. Wengi wananionyesha taarifa kwamba nakala ilikamilika. Hilo sikuliuliza.

Serikali yetu iliweka kompyuta yake ya kwanza Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mfumo wa hesabu kuigharimu nchi na kushindwa kazi. Mashine zilikuja, wataalamu wa kuziendesha na utaratibu wa kuzilisha havikuwepo vya kutosha. Naogopa tusije tukarudia. Naona zabuni za seva, za viyoyozi, za jenereta. Sijaona tangazo la ajira ya mtunza tepu.

Pendekezo langu ni hili. Taasisi zetu za mwambao huu, za afya, uvuvi, hali ya hewa, vyuo na kumbukumbu, hazina haja ya kununua kila moja maktaba yake. Mashine moja ya ukubwa wa kati inaweza kugawanywa ndani yake kiasi kwamba kila taasisi ina vyumba vyake, draivu yake na funguo zake, na mwenzake haoni kilichomo. Iwekwe kwenye jengo moja la mawe, mlimani, lisilo na dirisha. Iwe na watunzaji wawili wa kuanzia, wenye cheo, mshahara na mrithi anayefundishwa, ili mmoja akihamishwa mkoa daftari lisiondoke naye. Na tepu za pili zisafiri kwenda Dodoma kila wiki.

Wakuu wa taasisi mlioko ukumbini, kesho asubuhi msiniulize bei ya roboti. Mwiteni ofisa wenu wa TEHAMA, mtajieni faili moja la miaka mitano iliyopita, mwambieni alirejeshe kutoka kwenye nakala mbele yenu, na mkae naye mpaka lifunguke. Lisipofunguka, andikeni barua ya kuomba nafasi ya mtunza tepu kabla ya barua ya kuomba mashine.